Je, Wajua? Nani Hulipa Umeme Unaopotea Maofisini

Je, wajua kwamba mkataba wa "nilipe kutokana na ulichookoa" una zaidi ya miaka 200?

Miaka ya 1770, James Watt na mshirika wake Matthew Boulton walikwenda Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kutafuta soko la mashine yao mpya ya mvuke. Wenye migodi hawakuikimbilia. Tayari walikuwa na mashine za mvuke za zamani, aina ya Newcomen, za kuvuta maji kutoka mashimoni, nazo zilikuwa zikifanya kazi. Taabu yao ilikuwa makaa ya mawe. Cornwall ina bati na shaba, makaa haina. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales, na zile mashine kuukuu ziliyala bila huruma. Basi Boulton na Watt wakaweka masharti haya: mwenye mgodi agharamie vipuri na ujenzi, ila uvumbuzi wenyewe aulipie pole pole, kwa theluthi moja ya thamani ya makaa ambayo mashine mpya itamwokolea.

Ili watu wasidanganyane, kihesabio kilifungwa kwenye boriti ya mashine, ndani ya kisanduku chenye kufuli, kikihesabu kila inapopanda na kushuka. Ugomvi haukukosekana. Wapo waliolipa kwa shingo upande, wapo walioacha kulipa kabisa, na kesi zikafika mahakamani kabla hataza ya Watt haijaisha mwaka 1800.

Mkataba huo ndio unaokarabati majengo ya biashara leo. Kampuni ya huduma za nishati huingia kwenye jengo, hupima, hubadilisha taa, viyoyozi na mitambo, kisha hujilipa kutokana na punguzo la bili. Au huahidi kwa maandishi kwamba bili itashuka kwa kiasi fulani, na isiposhuka, kampuni ndiyo inayofidia. Dubai ilianzisha kampuni yake ya kazi hiyo, Etihad ESCO, mwaka 2013, na kuipa lengo la kukarabati majengo 30,000 ifikapo mwaka 2030. Kihesabio chenye kufuli sasa ni mita, na ugomvi bado upo.

Je, wajua kwamba madirisha 6,514 ya jengo la Empire State yalitengenezwa upya humo humo ndani ya jengo?

Jengo hilo la ghorofa 102 lilifunguliwa New York mwaka 1931. Mwaka 2009 wenyewe walitangaza ukarabati wa nishati ambao wasanifu wengi wanauzungumzia mpaka leo, na mimi naona sababu ni moja: hawakuanza na mashine. Walianza na madirisha.

Kila dirisha tayari lilikuwa na vioo viwili. Mtu mwenye pupa angeyang'oa yote na kuagiza mapya. Wao walifungua karakana kwenye ghorofa ya 5, wakawa wanashusha vioo, wanavitenganisha, wanavisafisha, wanaweka utando mwembamba katikati, wanajaza gesi isiyopitisha joto kirahisi, kisha wanavirudisha mahali pake. Zaidi ya asilimia 90 ya vioo na fremu zilitumika tena. Hakuna malori ya vioo kukwama kwenye foleni za Manhattan, na hakuna jaa lililojazwa vioo vizima. Nyuma ya radieta, ambako joto lilikuwa likipasha ukuta wa nje badala ya chumba, wakaweka vizuizi vya kulirudisha ndani.

Hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo. Kwa kuwa madirisha hayakuruhusu tena joto jingi kuingia wakati wa kiangazi, mzigo wa kupooza hewa ulishuka, na pamoja na hatua nyingine ukapungua kwa karibu theluthi moja. Mitambo mikubwa ya kupooza, ambayo ilikuwa ibadilishwe na kuongezwa nguvu, ikatosha kufanyiwa matengenezo tu. Mamilioni ya dola yakabaki mfukoni. Gharama ya ziada ya hatua zote za nishati ilikadiriwa kuwa dola milioni 13.2, na akiba dola milioni 4.4 kwa mwaka, sawa na kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38. Piga hesabu mwenyewe: fedha zinarudi kwa miaka mitatu. Kampuni ya Johnson Controls ilitia saini kudhamini akiba hiyo, mkataba wa Boulton na Watt kwa suti mpya.

Ila tusisahau jambo moja ambalo wauzaji wa vifaa huliruka. Jengo hilo lilikuwa tayari kwenye ukarabati mkubwa wa zaidi ya dola milioni 500. Hizo milioni 13.2 zilipanda juu ya kazi iliyokuwa ifanyike vyovyote vile. Kumfuata mtu aliyemaliza kupaka rangi jana na kumwambia abomoe tena, huko ni kupoteza muda.

Je, wajua kwamba kizuizi kikubwa cha kuokoa umeme maofisini ni mkataba wa pango?

Ingia ofisi yoyote ya kupanga pale Posta, Dar es Salaam, mwezi Januari. Nje jua ni la kuchoma utosi. Ndani kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, katibu muhtasi amejifunga mtandio mabegani, na mwenzake wa dirishani amefungua kioo kidogo "apate hewa". Hakuna anayejali, kwa sababu umeme umo ndani ya ada ya huduma za jengo na kila mpangaji hulipa kwa mita za mraba, atumie sana au kidogo.

Sasa geuza. Kila mpangaji ana mita yake na ananunua Luku yake. Safari hii asiyejali ni mwenye jengo. Anaponunua viyoyozi hutazama bei ya dukani, maana bili si yake. Vioo vya mbele huchagua vinavyong'aa kwenye picha. Mpangaji anaumia, lakini mkataba wake ni wa miaka mitatu. Nani atabadilisha madirisha ya jengo la mtu mwingine?

Anayelipia ukarabati siye anayefaidi, na anayefaidi hana ruhusa ya kukarabati. Teknolojia ipo, mafundi wapo, hesabu inalipa, na bado hakuna kinachofanyika. Sheria, ruzuku, vyeti na faini zote utakazozisoma hapa chini ni njia mbalimbali za kuwakutanisha watu hawa wawili mfukoni.

Je, wajua kwamba kodi imewahi kuziba madirisha?

Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha mwaka 1696. Kadiri nyumba ilivyokuwa na madirisha mengi, ndivyo mwenye nyumba alivyolipa zaidi. Watu wakachukua matofali, wakaziba. Kodi ilifutwa mwaka 1851, na mpaka leo baadhi ya nyumba za zamani zina madirisha yaliyozibwa. Anayedhani kuta hazisikii habari za bajeti ya serikali akaziangalie.

Je, wajua kwamba kuna mkopo unaobaki na jengo hata likiuzwa?

Mwaka 2008, mji wa Berkeley, California, ulijaribu jambo lisilo la kawaida: kumkopesha mwenye nyumba fedha za kufunga sola, naye arudishe kupitia bili yake ya kodi ya majengo kwa miaka 20. Akiuza kabla ya miaka hiyo kwisha, anayenunua anaendelea na malipo, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa akifaidi ule umeme. Deni halimfuati mtu, linakaa na matofali.

Wazo likaenea majimbo mengine ya Marekani na kuhamia kwenye ukarabati wa kila namna. Kwenye nyumba za kuishi lilikumbana na taasisi kubwa za mikopo ya nyumba, ambazo hazikupenda deni jingine litangulie lao. Kwenye majengo ya biashara limestawi. Melbourne, Australia, walifuata njia inayofanana na hiyo: benki inakopesha, halmashauri ya jiji inakusanya marejesho pamoja na tozo zake, na sheria inaruhusu mwenye jengo kumchangisha mpangaji, maana bili inayoshuka ni ya mpangaji. Mradi wa jiji uliitwa 1200 Buildings, kwa idadi ya majengo yaliyolengwa.

Nalipenda wazo hili, ila lina sharti moja gumu. Linataka kodi ya majengo inayokusanywa kweli, kila mwaka, kwa daftari linaloaminika. Halmashauri isiyojua nani anamiliki nini haiwezi kumdhamini mtu.

Je, wajua kwamba majengo ya New York hubandikwa alama mlangoni?

Tangu mwaka 2020, majengo makubwa ya jiji hilo hulazimika kuweka karatasi yenye herufi kubwa kwenye lango ambalo umma hupita, kuanzia A mpaka D, kulingana na matumizi ya nishati. Mwenye jengo asiyewasilisha takwimu zake hupewa F. Wakazi wa New York walikwisha kuzoea herufi kama hizo kwenye madirisha ya migahawa, zikiwaambia kama jikoni ni safi.

Baada ya aibu ikaja faini. Sheria iitwayo Local Law 97, iliyopitishwa mwaka 2019, inayawekea majengo ya zaidi ya futi za mraba 25,000 ukomo wa gesi joto kuanzia mwaka 2024, na ukomo huo unabana zaidi mwaka 2030. Kila tani inayozidi inatozwa dola 268 kwa mwaka. Jengo lililozidisha tani 500 linadaiwa dola 134,000, na mwakani tena. Kwa wengi sasa kukarabati ni nafuu kuliko kutokukarabati, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Uholanzi wamekuwa wakali kuliko hapo. Tangu tarehe 1 Januari 2023, ofisi ya zaidi ya mita za mraba 100 isiyo na cheti cha nishati cha daraja C au zaidi hairuhusiwi kutumika kama ofisi, isipokuwa majengo machache yaliyosamehewa, kama yale ya kihistoria. England na Wales nazo zilianza Aprili 2018 kwa mikataba mipya ya pango: jengo la biashara lisilofikia daraja E halipangishwi. Aprili 2023 sharti hilo likaifikia hata mikataba iliyokuwepo, na faini yaweza kufika pauni 150,000.

Je, wajua kwamba jengo linaweza kuwa na cheti kizuri na bili mbaya?

Vyeti vingi vya Ulaya hukadiria: vioo vya aina gani, kuta nene kiasi gani, mtambo upi. Havitazami kama mlinzi huacha taa za ghorofa nzima zikiwaka usiku kucha. Australia walichagua njia nyingine. Mfumo wao, ambao leo unaitwa NABERS na ulianzia jimbo la New South Wales mwaka 1998, husoma bili halisi za miezi 12 na kulipatia jengo nyota, mwisho nyota 6. Tangu mwaka 2010, anayetaka kuuza au kupangisha ofisi kubwa hulazimika kuonyesha nyota hizo kwenye tangazo lenyewe, na mwaka 2017 kiwango kikashushwa kutoka mita za mraba 2,000 hadi 1,000.

Lakini kilichowasukuma wenye majengo ni mpangaji mmoja mkubwa. Serikali ya Australia ilijiwekea sera kwamba haitapanga ofisi kubwa isiyofikia nyota 4.5. Bila ruzuku, bila faini. Mwenye jengo anayetaka mpangaji asiyefilisika, anayelipa kwa wakati na kukaa miaka kumi, akatafuta mafundi mwenyewe. Huku kwetu nako taasisi nyingi za umma zimepanga kwenye maghorofa ya watu binafsi, na kodi hiyo inatoka kwenye hazina. Sioni kwa nini mkataba mpya usiwe na kifungu kimoja kuhusu bili.

Je, wajua kwamba Japani ilipunguza matumizi ya umeme kwa kuvua tai?

Kiangazi cha mwaka 2005 Wizara ya Mazingira, chini ya waziri Yuriko Koike, iliziomba ofisi ziweke viyoyozi nyuzi 28. Kwa suti na tai, nyuzi 28 ni adhabu, kwa hiyo kampeni hiyo, Cool Biz, ilianza na mavazi. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi akajitokeza hadharani bila koti wala tai, na wafanyakazi wakapata ruhusa waliyoisubiri.

Miaka mitano baadaye jiji la Tokyo likaongeza nguvu. Aprili 2010 lilianza kuyawekea majengo na viwanda vikubwa, vipatavyo 1,300, ukomo wa hewa ukaa. Anayepunguza zaidi ya alichopangiwa anaweza kuuza ziada yake kwa aliyeshindwa. Katika kipindi cha kwanza, kilichoisha mwaka wa fedha 2014, majengo ya ofisi yalitakiwa kushusha asilimia 8. Kwa jumla walioguswa na mpango walishusha takribani asilimia 25. Si sheria peke yake: maafa ya tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 2011 yalizima vinu vya nyuklia, umeme ukawa adimu, ofisi zikapunguza taa na zikagundua kwamba watu bado wanasoma vizuri.

Na sisi? Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alipiga marufuku suti za Kaunda ukumbini na kusisitiza koti na tai. Msomaji aamue mwenyewe nani yuko karibu zaidi na ikweta.

Je, wajua kwamba Kenya ina sheria ya jambo hili tangu mwaka 2012?

Wengi hawaijui, wakiwemo wanaoguswa nayo. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka huo zinahusu kiwanda, hoteli, hospitali au jengo la biashara lolote linalotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka, yaani uniti 15,000 kwa mwezi. Ghorofa la ofisi la kawaida lenye lifti na viyoyozi linafika hapo bila taabu. Mwenyewe anatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa nishati na mkaguzi mwenye leseni angalau mara moja kila miaka mitatu, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na ukaguzi huo. Msimamizi leo ni EPRA. Mwaka 2016 zikaongezwa kanuni za lebo za nyota kwenye vifaa kama friji na viyoyozi, ili mnunuzi asitazame bei pekee.

Hicho kipengele cha nusu nakipigia saluti. Kabati za maofisini zimejaa ripoti nzuri za wataalamu ambazo hakuna aliyezifungua tena. Sheria inayosema "kagua" huzaa karatasi. Inayosema "kagua, kisha tekeleza nusu" huzaa kazi ya fundi.

Mkaguzi akija, mara nyingi haanzi na mambo makubwa. Anaomba bili. Mteja mkubwa wa Kenya Power au TANESCO halipi uniti peke yake, hulipia pia kilele: kiasi kikubwa zaidi cha umeme alichowahi kuvuta kwa mkupuo mmoja ndani ya mwezi. Jumatatu saa mbili asubuhi lifti zote zinapanda, viyoyozi vyote vinawashwa, pampu ya maji inajaza tangi la juu, na kilele cha mwezi mzima kimeandikwa hapo. Kuiambia pampu ijaze tangi usiku hakugharimu kitu zaidi ya saa ya kuiwasha yenyewe. Kisha kuna mota kuukuu na taa za zamani zinazovuta umeme usiofanya kazi. Nchini Kenya, kipimo cha sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli (power factor) kikishuka chini ya 0.9, jengo linatozwa nyongeza. Dawa yake ni kufunga kapasita kwenye chumba cha umeme.

Je, wajua kwamba Afrika Kusini ilitoa nafuu ya kodi kwa kila uniti isiyotumika?

Kifungu cha 12L cha sheria yao ya kodi ya mapato, kilichoanza Novemba 2013, kiliiruhusu kampuni kupunguza kipato kinachotozwa kodi kwa senti 45 za randi kwa kila uniti iliyookoa, na mwaka 2015 kikapandishwa hadi senti 95. Sharti lilikuwa uthibitisho: mpimaji huru alinganishe mwaka kabla na mwaka baada. Hukununua kifaa ukapewa motisha, ulipewa ulipokwisha kuonyesha mita.

Marekani ina kifungu chake cha 179D, cha mwaka 2005, kinachompa nafuu ya kodi kwa kila futi ya mraba mtu aliyeboresha jengo la biashara. Kwa miaka mingi kilikuwa kikiisha muda na kufufuliwa, mwishoni mwa mwaka 2020 kikafanywa cha kudumu, mwaka 2022 kikaongezwa ukarimu, na mwaka 2025 Bunge likaamua kwamba kazi itakayoanza baada ya tarehe 30 Juni 2026 haitafaidika nacho. Mwenye jengo anayepanga ukarabati wa miaka mitano hawezi kuegemea fimbo inayovutwa kila uchaguzi.

Je, wajua kwamba Ufaransa kuacha mlango wazi ni kosa?

Tangu Oktoba 2022, duka lenye kiyoyozi au kipasha joto kinachofanya kazi halitakiwi kuacha mlango wazi, na faini inaweza kufika euro 750. Taa za ndani za ofisi zilikwisha kuamriwa tangu Julai 2013 zizimwe saa moja baada ya mtu wa mwisho kuondoka. Kwa majengo ya biashara na huduma yenye mita za mraba 1,000 na zaidi kuna ngazi ndefu: kushusha matumizi kwa asilimia 40 ifikapo 2030, 50 ifikapo 2040 na 60 ifikapo 2050.

Wewe unayetafuta ofisi mwezi huu hulazimiki kusubiri Bunge. Kabla hujasaini mkataba wa pango, muombe mwenye jengo bili za umeme za miezi 12 iliyopita, muulize nani analipia matengenezo ya viyoyozi, na kama jengo liko Kenya, muulize ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa nishati iko wapi. Akikosa majibu, punguza bei.